Nguo Kuukuu Katika Nyumba Mpya



Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu watukufu, wiki hii tunawaandikia kutoka huku Mumias juu ya jambo ambalo huenda hamkulitarajia kwa mtu wa madrasa, nalo ni upambaji wa nyumba kwa nguo za zamani. Mabinti wengi wametuuliza juu ya mtindo wanaouona katika simu zao: chumba cheupe, kitanda kilichotandikwa shuka la kufuma la enzi za mabibi, pazia jepesi lenye maua yaliyopauka, na mito iliyoshonwa kwa vipande vya nguo zenye umri kuliko mwenye nyumba. Wenyewe wanauita mtindo wa mahaba ya kikale. Wanatuuliza, je, Sheikh, jambo hili lina ubaya? Jibu fupi ni kwamba asili yake ni halali. Lakini tangu tulipoitwa kusuluhisha ugomvi wa kasha moja hapa mjini, tumeona kwamba jibu fupi halitoshi.

Kasha hilo lilikuwa la bibi mmoja wa mtaa usio mbali na msikiti. Alifariki akiwa amepita miaka 80, Allah amrehemu. Mumewe alimtangulia. Aliacha wana wawili wa kiume na wawili wa kike, wajukuu wengi, nyumba ya vyumba vitatu, na kasha la mbao lenye misumari ya shaba lililokaa miguuni pa kitanda chake. Wajukuu walimwita Kukhu, kama Waluhya wamwitavyo nyanya, nasi tutamwita hivyo.

Mjukuu wake mmoja, binti wa mwanawe mkubwa, alikuwa ameposwa, na harusi ilibakia wiki tatu. Yeye ndiye aliyemuuguza Kukhu mpaka mwisho, na ndiye aliyebaki na ufunguo wa kasha. Siku moja alilifungua, akatoa doti tatu za leso, akazikata, akashona mito sita na pazia moja kwa ajili ya chumba atakachoingia na mumewe. Shangazi zake walipofika na kuiona mito ile imepangwa juu ya kochi, nyumba ikawaka moto. Shangazi mkubwa alilia, akasema harufu ya mama yake ilikuwa bado imo katika leso zile. Shangazi mdogo naye alikuwa amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa vitu vya kale aliyetoka mjini, ambaye aliahidi shilingi 8,000 kwa kasha zima na vilivyomo. Binti akasema, "Kukhu aliniambia kwa kinywa chake kuwa hizi ni zangu." Shangazi wakajibu kuwa hapana shahidi, na kwamba hawatakanyaga harusini. Hapo ndipo tulipoitwa.

Kabla ya kuendelea, inafaa msomaji wetu wa Pwani ajue nguo kama hizi zilifikaje huku bara, kwa kuwa ndani yake mna historia yetu sisi sote.

Mumias iko mbali na bahari, lakini nguo iliiunganisha na bahari kabla ya reli na kabla ya barabara. Mji huu umepata jina la Nabongo Mumia, mtawala wa Wanga, aliyefariki mwaka 1949. Kabla yake wasafiri walipaita Kwa Shiundu, kwa jina la baba yake. Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alipofika hapa mwaka 1883, wafanyabiashara wa Pwani walikuwa wamekwisha kuijua njia. Misafara yao ilibeba ushanga, nyaya za chuma na shaba, na zaidi ya vyote ilibeba nguo. Kulikuwa na merikani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyoitwa hivyo kwa kuwa ilifumwa Marekani, na ambayo biashara yake ilistawi Zanzibar hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833. Kulikuwa na kaniki, nguo iliyotiwa nili ikawa nyeusi au buluu nzito. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani: kwa nguo msafara ulinunua chakula, na kwa nguo ulilipa hongo kwa watawala ili upite salama.

Na tusiyapambe mambo ya kale kuliko yalivyokuwa. Misafara hiyohiyo ilirudi na pembe za ndovu, na ilirudi pia na watumwa. Kule Pwani, merikani na kaniki zilikuwa vazi la watumwa na mafukara. Utumwa ulipoondolewa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na katika ukanda wa Pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake wengi walioachwa huru waliziacha nguo zile za udhalili wakajitanda kanga za rangi na maua, ili atakayewaona ajue kuwa ni waungwana kama wengine. Basi binti anayedhani kwamba leso ya kale ni mahaba matupu, akumbuke kuwa kwa bibi fulani ilikuwa pia tangazo la uhuru.

Leso yenyewe ina kisa chake. Neno limetoka kwa Wareno, nalo lilikuwa jina la kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba wanawake wa Pwani, katika karne ya 19, walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wakachukua sita, wakavishona vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja ya kujitanda. Baadaye wenye maduka wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima, yenye pindo, mji na jina. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, lilijulikana kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla", na leso zake zimefika hadi kwenye makasha ya huku. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 misafara ilikoma na Mumias ikaachwa pembeni, lakini dini iliyokuja na misafara ilibaki, na familia za Waislamu zikabaki, na leso zikaendelea kuja katika mizigo ya jamaa kutoka Pwani.

Tulipofungua kasha la Kukhu mbele ya warithi wote, tulikuta doti 31 za leso, mbali na zile tatu zilizokatwa. Tulikuta vipande viwili vya merikani, vikoi vinne vya marehemu mumewe, na vitambaa 18 vya makochi alivyofuma mwenyewe kwa sindano ya kroshia, vile vyeupe ambavyo hakuna sebule ya magharibi ya Kenya isiyovijua. Chini kabisa palikuwa na leso ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, aliyovaa siku ya harusi yake. Na katikati ya hizo tulikuta leso moja yenye jina "Akiba haiozi". Ilikuwa imeoza. Tulipoikunjua ilipasuka kwenye mikunjo yote, kama karatasi, kwa sababu ilikunjwa pale pale miaka na miaka bila kuguswa.

Sasa tuje kwenye hukumu. Tunaieleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa katika nyumba nyingi watu hugawa shamba kwa sheria, kisha nguo za mama huchukuliwa na aliyewahi.

Jambo la kwanza ni kwamba kila alichomiliki maiti ni urithi, hata uzi. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 7, Mola wetu ameweka fungu la wanaume na fungu la wanawake katika kilichoachwa, kiwe kidogo au kingi. Kwa hiyo leso za Kukhu hazikuwa za mwenye ufunguo, wala za aliyelia zaidi, wala za aliyepata mnunuzi kwanza. Hata vile vikoi vya mzee ilibidi tuulize iwapo mirathi yake iligawanywa. Haikugawanywa. Kwa bahati warithi wake waliobaki walikuwa ni watoto walewale wanne, tukaviingiza katika hesabu.

Jambo la pili ni lile neno la Kukhu, "Hizi ni zako." Tulimuuliza binti, "Mwanangu, ufunguo alikukabidhi lini, na kwa ajili ya nini?" Akatujibu kwa ukweli, Allah amjazi kheri, kwamba alipewa wakati wa ugonjwa ili amtolee bibi yake nguo za kubadilisha. Basi ufunguo ule ulikuwa amana. Zawadi anayotoa mtu katika uhai wake haitimii, katika madhehebu yetu ya Shafi, mpaka aliyepewa akabidhiwe, na Kukhu aliendelea kuzivaa leso zake. Ama ikiwa alikusudia kwamba ziwe za mjukuu baada ya kufa kwake, huo ni wasia. Wasia kwa mjukuu huyu ungefaa, kwa kuwa yeye si mrithi maadamu baba yake na ami yake wapo, na ungepita katika mipaka ya thuluthi. Lakini wasia unataka ushahidi, au warithi waukubali kwa hiari yao. Hapakuwa na hiki wala kile.

Jambo la tatu ndilo lililolainisha nyoyo. Tuliwasomea warithi maana ya aya inayofuata hiyo, ya 8, ambayo Mola anaelekeza kwamba wakati wa kugawa urithi, wakihudhuria jamaa wasiorithi, mayatima na masikini, wapewe chochote katika kilichopo na waambiwe maneno mema. Tukawaambia, "Huyu hapa ni jamaa asiyerithi. Alimwosha mama yenu miguu miezi saba. Sheria haimpi fungu, lakini aya imemtaja."

Na hapa lazima tukiri kosa letu. Tulipofika kwenye kugawa, sisi tulitaka kuhesabu tu. Watoto wa kiume wana mafungu mawili kila mmoja, wa kike moja moja, jumla mafungu sita. Tukaanza kupanga leso sita sita. Ahali yetu, aliyekuwa ameketi na akina mama upande wa pili, akatuma mtoto aje atunong'oneze kuwa tunadhulumu. Tulipomwita aeleze, akasema, "Sheikh, umeiweka leso ya juzi sawa na kisutu cha miaka 60. Ungehesabu ng'ombe na kuku hivyo?" Tuliona haya, lakini alisema kweli. Wakaitwa akina mama wawili wanaojua nguo, mmoja mshonaji na mmoja muuza leso sokoni, wakathamini kipande kwa kipande. Kumbe kasha tupu peke yake lilipita zile shilingi 8,000 za mnunuzi. Shangazi mdogo alinyamaza, na habari za mnunuzi hazikutajwa tena.

Mafungu sita yalipolingana kwa thamani, tulipiga kura, maana kura imo katika mafunzo ya Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, ambaye alipotaka kusafiri aliwapigia kura wakeze. Zile doti tatu zilizokatwa zilihesabiwa kwa thamani zilizokuwa nayo zikiwa nzima, zikaingizwa katika sehemu ya baba wa binti kwa ridhaa ya wote. Yule mwana mdogo alisema mwanamume hana haja ya leso, akawapa dada zake mafungu yake mawili, moja moja. Mwana mkubwa akampa bintiye yaliyomwangukia. Kisutu kikamwangukia shangazi mkubwa.

Kisha shangazi huyo akafanya jambo ambalo hatukulitarajia. Aliomba mto mmoja kati ya ile sita. Akapewa. Akaukumbatia kifuani, akaondoka nao bila kusema neno.

Wasomaji wetu, tumesimulia haya ili mabinti wajue kuwa sharti la kwanza la kupamba kwa nguo za kale halimo katika rangi wala mshono. Ni kuuliza: nguo hii ni ya nani, nami nimeipataje? Mto ulioshonwa kwa mali ya watu haupambi chumba. Na wale wanaonunua kwa wanawake wazee vijijini kwa bei ya kutupa, kisha wakauza mjini kwa bei ya dhahabu, nao wajiulize kama muuzaji alijua thamani ya alichouza.

Sharti hilo likitimia, tunasema: pambeni, na furahini. Katika Sura An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anazihesabu nyumba zetu kuwa ni mahali pa utulivu, kisha anazitaja sufi, manyoya na nywele za wanyama ambazo tunapata kwazo vyombo vya nyumbani na starehe kwa muda. Mzingatie hayo maneno ya mwisho, kwa muda. Starehe imeruhusiwa, na muda wake umetajwa papo hapo. Bi Fatma, Allah amridhie, aliingia kwa mumewe na nguo nzito ya mahameli, kiriba cha maji, na mto wa ngozi uliojazwa majani ya idhkhiri. Nyumba ile haikukosa mahaba.

Tena kuna hadithi ambayo kila mwenye kupenda mapambo haya anafaa kuijua. Bi Aisha, Allah amridhie, alitundika pazia lenye picha katika shubaka la nyumba yake. Mtume, rehema na amani zimfikie, aliporudi safarini na kuliona, hakuridhika nalo, akalishusha. Bi Aisha hakulitupa. Alilikata akafanya mto, au mito miwili, na Mtume akawa anauegemea. Katika mapokezi mengine imetajwa kuwa Mwenyezi Mungu hakutuamuru kuyavisha nguo mawe na udongo. Tunapata hapo mafunzo matatu: kwamba picha za viumbe wenye roho hazitundikwi, kwamba kufunika kuta nzima kwa nguo kwa fahari si jambo la kupendeza kwa wanavyuoni wetu, na kwamba nguo iliyokosa kufaa mahali pamoja inaweza kufaa pengine. Yule binti wetu, alipoambiwa hadithi hii, alifurahi sana, akasema, "Kumbe Mama Aisha naye alishona mito kwa nguo kuukuu!" Tukamwambia, "Ndiyo, lakini pazia lilikuwa lake."

Tuongeze tahadhari chache. Leso iliyoandikwa jina la Mwenyezi Mungu au dua isifanywe mto wa kukalia wala kutandikwa sakafuni. Leso yenye sura ya kiongozi au ya mnyama isitundikwe. Nguo ya hariri halisi isifanywe tandiko ambalo wanaume watalikalia, kwa kuwa wamekatazwa kuivaa na kuikalia. Na someni jina la leso kabla ya kuitundika! Tuliwahi kualikwa Mombasa katika nyumba ya maarusi ambako bibi harusi, bila kusudi, alitundika sebuleni leso nzuri ya kale yenye jina "Hasidi hana sababu". Mama mkwe wake aliketi mkabala nayo tangu chakula mpaka kahawa. Ilichukua muda mrefu kumsadikisha kwamba ilichaguliwa kwa ajili ya maua yake tu.

Na msiingie katika israfu. Mtume, rehema na amani zimfikie, alitaja kitanda cha mume, cha mke, na cha mgeni, kisha akasema cha nne ni cha shetani. Mtindo huu ulianza kwa kutumia kilichopo. Ukikopa ili ununue shuka la bibi wa mtu mwingine, umeuacha mtindo na umebaki na deni. Mabwana wa Pate walipamba majumba yao kwa vyombo vya thamani, na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir akatunga Al-Inkishafi alipoyaona yamekuwa magofu ya popo na ndege.

Sasa kwa wale waliobarikiwa kuwa na nguo za mabibi zao kwa njia ya halali, hapa kuna maelekezo ya kuzitunza, tuliyoyapata kwa ahali yetu na kwa yule mama mshonaji.

Kwanza, msifue kabla ya kujaribu rangi. Chukueni kitambaa cheupe chenye unyevu, bonyezeni kwenye pembe moja ya nguo. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, nguo hiyo isitiwe majini. Isiyotoa rangi ifuliwe kwa maji baridi na sabuni laini, isikamuliwe kwa kusokotwa, ianikwe kivulini ikiwa imelazwa. Nguo kuukuu ikitundikwa mbichi, uzito wa maji huirarua.

Pili, jua ni adui. Rangi ya leso hupauka kwa mwanga hata ndani ya nyumba. Anayetaka pazia la leso ya kale alitie dirisha lisiloelekea jua, na aishonee bitana ya merikani upande wa nje. Anayetaka kutundika asipigilie misumari wala asitumie pini zitakazopata kutu. Ashone mkunjo mrefu kwa nyuma, upande wa juu, apitishe ufito, ili uzito wote ugawanyike.

Tatu, msizikunje nguo pale pale kila mwaka. Zivingirisheni, au zifungueni kila baada ya miezi michache mkunje mahali pengine. Huku kwetu mvua ni nyingi, na huko Pwani unyevu ni mwingi vilevile, kwa hiyo zipate hewa siku kavu. Kasha liwekewe shuka safi la pamba ndani, nguo zisigusane na mbao zenyewe. Karafuu kavu ndani ya kifuko hunukia vizuri, na udi pia, lakini moshi usizifikie nguo nyeupe karibu. Nguo yenye nondo ifungwe katika mfuko wa plastiki isipitishe hewa, itiwe katika friza majuma mawili, kisha isuguliwe taratibu kwa brashi laini.

Nne, msikate nguo iliyo nzima ikiwa ipo iliyochakaa. Leso iliyopasuka mji bado ina pindo zuri la kupamba foronya. Ile "Akiba haiozi" yenyewe, ambayo hakuna mrithi aliyeitaka, binti alichukua vipande vyake vilivyobaki imara akavishonea juu ya kitambaa kipya, sasa ni kifuniko cha meza ndogo. Jina lake halisomeki tena lote.

Tano, andikeni. Kipande cha karatasi ndani ya kasha, chenye maelezo mafupi: hii aliivaa nani, siku gani, aliinunua wapi. Leso humpokea mtoto anapozaliwa, humbeba mgongoni, humfunika bibi harusi, na mwisho hutandazwa juu ya jeneza. Lakini haisemi yenyewe ilikuwa ya nani. Anayejua akishafariki, kinachobaki ni maua tu.

Na wenye makasha walio hai, tunawaomba: mkiwa na nia ya kumpa mtu, mpeni leo mkononi mwake, au semeni mbele ya mashahidi wawili. Ugomvi wa nyumba ile ungekuwa haupo lau Kukhu angemwita jirani mmoja na mwanawe mmoja akasema maneno yaleyale mbele yao.

Harusi ilifanyika siku ya Jumapili. Siku ya Alhamisi kabla yake, shangazi mkubwa alikuja nyumbani kwa kaka yake na furushi. Ndani mlikuwa na kisutu. Alimwambia binti, mbele yetu na mbele ya ahali yetu, kwamba anamwazima siku saba akitandike katika chumba chake, kisha akirudishe. Kuazima huko ndiko tunakokuita ariya katika vitabu vya fiqhi, na aliyeazimwa anawajibika kukilinda na kukirudisha. Binti alikitandika juu ya kitanda cheupe, pamoja na mito mitano iliyobaki na vitambaa vya Kukhu juu ya kochi. Akina mama waliokiona chumba walitusimulia kwamba kilipendeza sana.

Siku ya nane kisutu kilirudishwa, kimefungwa katika merikani, na kifuko cha karafuu ndani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azipambe nyumba zetu kwa utulivu na mapenzi, atulinde na mali isiyo yetu hata ikiwa uzi mmoja, na awarehemu mama zetu na nyanya zetu waliotuvika. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.